Mtoto kavunjika mkono Desemba: tiketi za Moshi mkononi, mnaenda au hamwendi?

Shule zikifungwa Desemba watoto hupanda miembe, hucheza mpira barabarani na kuendesha baiskeli za kuazima, na mikono huvunjika. Huo ndio mwezi ambao familia nyingi za Dar es Salaam zenye asili ya Kilimanjaro zimeshakata tiketi za kwenda nyumbani kula Krismasi. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja hadi mwisho: mtoto wa miaka 8, kilo 24, ameanguka kutoka kwenye mpera tarehe 4 Desemba. Mifupa ya mkono wa kushoto kati ya kiwiko na kiganja imevunjika, amefungwa plasta ngumu ya POP, ambayo wengi huiita hogo, na tiketi za basi ni za tarehe 20. Majeraha ya aina nyingine yana sehemu yake mbele.

Wazazi wengi huanza na swali moja: je, amepata nafuu? Swali hilo linapotosha. Mtoto aliyevunjika mkono huacha kulia siku ya nne au ya tano, na kufikia siku ya nane anakimbizana na wenzake kama hana tatizo. Mfupa wakati huo haujashika. Kinachouzuia usihame ni plasta peke yake. Mambo mawili ndiyo ya kuamulia safari: jeraha liko wiki ya ngapi, na mkifika mnakokwenda, mtoto akizidiwa saa nane usiku mtampeleka wapi.

Hatua ya 1: Jueni hasa kilichovunjika

"Kavunjika mkono" haitoshi kuamua lolote. Kabla hamjatoka kliniki, mwulizeni daktari maswali haya na muandike majibu: Ni mfupa mmoja au yote miwili? Umehama au ni ufa tu? Ulivutwa na kurudishwa mahali pake? Ufa umegusa sehemu ya mfupa inayokua? Plasta ni ya nusu, ile ya kipande kimoja kilichozungushiwa bandeji, au ni ya mzunguko mzima? Picha nyingine ya eksirei inapigwa lini?

Majibu yanabadilisha kila kitu. Kuna mvunjiko mdogo wa watoto karibu na kiganja ambapo mfupa umebonyea tu upande mmoja bila kukatika. Huo hupona kwa takriban wiki 3 na ni nadra sana kuhama. Mtoto wa namna hiyo anaweza kusafiri uvimbe ukishatulia, siku 4 au 5 tu baada ya kuumia. Mifupa yote miwili ikikatika katikati ya mkono na ikabidi ivutwe, hapo ni wiki 6 hivi, na wiki mbili za mwanzo ni za kuchungwa sana. Mvunjiko wa juu kidogo ya kiwiko ni habari nyingine kabisa. Mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu hupita karibu na mfupa huo, na mara nyingi mtoto huwekewa vyuma vyembamba vinavyotokeza nje ya ngozi kwa wiki 3 hadi 4. Mwenye vyuma hivyo abaki karibu na hospitali iliyomtibu mpaka vitolewe. Ndugu wataelewa.

Hatua ya 2: Pangeni kalenda ya mfupa kabla ya kalenda ya Krismasi

Chukueni karatasi. Tarehe 4 Desemba ni siku ya kuumia.

Siku 3 za mwanzo, yaani hadi tarehe 7, ni siku za uvimbe. Misuli huvimba ndani ya plasta isiyotanuka, na ikibanwa sana damu haipiti. Misuli iliyokosa damu kwa takriban saa 6 huanza kufa bila kurudi. Basi la Dar hadi Moshi huchukua saa 8 hadi 10, na msimu wa sikukuu zaidi. Hesabu hiyo peke yake inatosha: hakuna safari ndefu ya barabara ndani ya siku hizo, hata kama kuna msiba wa karibu. Abaki na mzazi mmoja.

Kati ya siku ya 7 na ya 14, yaani tarehe 11 hadi 18, uvimbe unapungua. Plasta iliyokuwa imebana inalegea, na mfupa uliorudishwa vizuri unaweza kuteleza ndani yake bila mtoto kuhisi maumivu yoyote mapya. Ndiyo sababu picha hurudiwa wiki ya kwanza na mara nyingi ya pili. Ukigundulika mapema kwamba umeteleza, daktari anaweza kuuvuta tena. Ukigundulika Januari umeshashika ukiwa umepinda, na kuunyoosha hapo huenda kukahitaji upasuaji. Kosa linalowagharimu watoto wengi ni hili: picha ya marudio inaangukia siku za safari, familia inasema "tutapiga tukirudi", na wanarudi wiki ya tano.

Kwa mtoto wetu, picha ya pili ni tarehe 18 na basi ni tarehe 20. Picha ikionyesha mifupa imetulia, safari inawezekana. Ikionyesha imesogea, hakuna safari, na uamuzi huo uwe umekubaliwa mapema ili siku hiyo msianze kubishana kliniki. Wiki 6 zinatimia tarehe 15 Januari. Hiyo ni siku ya kuangalia kama POP inatolewa, kwa hiyo rudini kabla ya tarehe 10 ili mpate nafasi ya kupumzika na kujiandaa kwa shule.

Kama tiketi zingekuwa za tarehe 12, jibu letu lingekuwa kuzisogeza. Piga simu kwa wakala mapema. Wiki ya Krismasi viti vya Moshi na Arusha huisha, na tiketi inayobadilishwa siku kadhaa kabla huleta matatizo machache kuliko ya asubuhi ya safari pale stendi ya Magufuli.

Hatua ya 3: Chunguzeni mnakokwenda

Moshi mjini na kijijini juu ya mlima si sehemu moja. Mjini kuna KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda yenye madaktari bingwa wa mifupa, na hospitali ya mkoa ya Mawenzi. Huko juu zipo Machame, Kibosho, Kilema, na Huruma kule Rombo. Hospitali hizo zinaweza kumpokea mtoto usiku na kumwangalia, lakini msidhani kila moja ina daktari wa mifupa zamu ya usiku au msumeno wa kukata POP. Ulizeni kwa simu, au mtumeni ndugu aliye karibu aende kuuliza.

Kisha ulizeni maswali ya nyumbani. Kutoka kwa bibi hadi barabara ya lami ni umbali gani? Mvua ikinyesha, gari linapanda na kushuka, au ni bodaboda tu? Mtoto mwenye POP hapandi bodaboda: hawezi kujishikilia kwa mikono miwili, na akianguka ataangukia mkono uleule. Nani ana gari, na atakuwepo usiku? Mtu huyo awe na jina na namba ya simu. "Tutapata tu usafiri" si mpango. Kama hakuna gari la uhakika linaloweza kumfikisha hospitali ndani ya saa mbili, laleni mjini kwa shangazi na mpande kijijini mchana wa Krismasi.

Bima nayo: kadi ya NHIF au ya kampuni binafsi inapokelewa katika hospitali mliyoichagua? Mtoto ameandikishwa kwenye kadi, au bado yuko "kwenye mchakato"? Bila bima, tengeni fedha ya dharura ya kumwona daktari, eksirei na kubadilisha plasta, na msiiguse kununulia mbuzi.

Hatua ya 4: Malizeni jambo la kukandwa kabla ya kuondoka

Hili linahitaji nafasi yake, maana limeharibu mikono mingi ya watoto. Katika koo nyingi yupo mzee anayejulikana kwa kuunga mifupa. Bibi kwa upendo wake wote atasema plasta inachelewesha, ifunguliwe, mtoto akandwe kwa maji ya moto na mafuta, kisha afungwe vijiti. Vijiti vikikazwa juu ya mkono uliovimba hukata damu, na kuna watoto waliokatwa mkono kwa sababu hiyo. Kukanda mfupa ambao haujashika huusogeza. Kukanda kiwiko kilichoumia kunaweza kufanya mfupa uote ndani ya msuli, na kiwiko kikabaki kigumu.

Msisubiri mfike ndipo mlizungumze. Mzazi ambaye bibi ni mama yake mzazi ndiye apige simu, aseme kwa heshima na bila kuzungukazunguka: "Mama, tunakuja, ila mkono wa mjukuu wako daktari amesema usifunguliwe wala usikandwe mpaka tarehe 15 Januari. Naomba unisaidie kumlinda na watu wengine." Ombi la mwisho ndilo lenye nguvu, kwa sababu linamfanya bibi kuwa mlinzi wa mkono. Kama mnajua kwa hakika kwamba mtatoka sokoni mkute plasta imeshafunguliwa, msiende, au asibaki peke yake na mtu yeyote hata saa moja.

Hatua ya 5: Safari yenyewe

Kwenye basi, mkono uliovunjika uwe upande wa mzazi, mbali na dirisha na mbali na njia ya abiria. Kwa mkono wa kushoto, kateni viti vya upande wa kulia, upande wa dereva: mtoto akae dirishani na mzazi akae nje, hapo mkono wa kushoto unaangukia kwa mzazi. Kwa mkono wa kulia, fanyeni kinyume chake. Viti vya nyuma kabisa epukeni, vinarusha kupita kiasi kwenye matuta.

Mto mnene uwekwe juu ya paja la mzazi, mkono ulale juu yake, vidole viwe juu kuliko kiwiko na kiwiko kisiwe chini ya moyo. Kitambaa cha kuning'inizia mkono ni cha wakati wa kutembea. Akikaa saa tano mkono ukining'inia, vidole vitavimba. Achezeshe vidole vyote mara kumi kila saa. Kila mnaposimama, mbonyezeni kucha mpaka iwe nyeupe, kisha achieni: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Pete, bangili na shanga za mkono huo zivuliwe nyumbani.

Ndege kutoka Dar hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni kama saa moja, na kwa jeraha hili ni bora kuliko basi mkiweza kumudu. Hewa iliyonaswa ndani ya plasta hutanuka ndege ikiwa angani. Kanuni ya kawaida ni kusubiri saa 24 baada ya kufungwa POP kwa safari isiyozidi saa 2, na saa 48 kwa safari ndefu zaidi. Lazima asafiri kabla ya hapo? Plasta ipasuliwe kwa urefu na daktari. Liulizeni shirika la ndege kama linataka barua ya daktari, na muwe nayo mkononi hata wakisema haihitajiki.

Nyaraka: barua fupi ya daktari inayotaja mfupa, tarehe na matibabu; kadi ya kliniki; kadi ya bima; na picha zenyewe za eksirei, maana majibu ya maandishi hayatoshi. Daktari wa Moshi hawezi kujua kama mfupa umesogea bila kulinganisha na picha ya zamani. Ipigeni picha kwa simu ikiwa imewekwa dirishani, mbaki na nakala.

Dawa ya maumivu ni parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo. Kwa kilo 24 ni miligramu 360, sawa na mililita 15 za ile dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Apewe kila baada ya saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Someni chupa, kwa kuwa zipo zenye nguvu nyingine. Aspirini asipewe kabisa, na diklofenaki ya duka la dawa msimpe bila daktari. Mkipimia kijiko cha chai cha nyumbani mtakosea. Nunueni bomba la sindano lisilo na sindano.

Hatua ya 6: Mkiwa huko

POP ya unga ikilowa hulainika na kuacha kushika mfupa. Ile ya kisasa, nyepesi ya nyuzi, ganda lake haliharibiki kwa maji, lakini pamba iliyo ndani hulowa, ngozi huoza na kunuka. Wakati wa kuoga, mkono uingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira juu ya POP na ubaki nje ya beseni. Mfuko huzuia matone tu, haufai kuzamishwa. Mwasho ni wa kawaida. Asichokoe kwa kalamu, njiti wala rula: kidonda ndani ya POP hakionekani mpaka kinuke. Gongeni plasta taratibu kwa nje, au pulizieni hewa ya baridi.

Wanaokwenda Zanzibar au Mombasa badala ya mlimani wana adui wa ziada, mchanga. Ukiingia ndani ya plasta hautoki, na unasugua ngozi kama msasa. Mtoto mwenye POP akae kwenye mkeka mbali na maji, na soksi ndefu iliyokatwa ncha ivalishwe juu ya plasta. Semeni ukweli kwenu wenyewe: mtoto wa miaka 8 atavumilia kuwatazama binamu zake wakiogelea kwa siku ngapi? Kama safari yote ni bahari, ahirisheni. Safari ya kula, kusikiliza hadithi na kukaa na wazee anaifurahia hata kwa mkono mmoja.

Migombani na kwenye miparachichi kuna vishawishi vyake. Mpeni mtoto kazi ya heshima ya mkono mmoja: kuhesabu wageni, kupiga picha, kubeba funguo za bibi. Aliyekatazwa tu bila kupewa la kufanya atapanda mti mkiwa kanisani.

Haya yakitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, si kesho: maumivu yanayozidi ingawa amepewa dawa, na hasa yanayochomoza ukimnyooshea vidole, vidole vya baridi, vyeupe au vya bluu, ganzi, kushindwa kuchezesha vidole, mtoto kuhangaika na kulia bila kutulia. Njiani mkono uinuliwe usawa wa moyo, usizidi hapo. Kama plasta ni ya nusu, kituo chochote cha afya kinaweza kukata bandeji na pamba mpaka ngozi ionekane, na hilo linaweza kuokoa mkono kabla hamjafika KCMC. Homa nayo isipuuzwe: apimwe malaria, na kama ana kidonda au vyuma, daktari akague hapo pia, hata kipimo cha malaria kikisoma chanya.

Majeraha mengine, kwa ufupi

Aliyegonga kichwa akazimia, akatapika zaidi ya mara moja au kuchanganyikiwa, amwone daktari kwanza, na asisafiri ndani ya saa 48 hata akiruhusiwa kurudi nyumbani. Mvunjiko wa paja ni mwezi au zaidi wa kubaki nyumbani. Mguu chini ya goti uliofungwa mpaka pajani unahitaji viti viwili, na kumlaza kiti cha nyuma cha gari bila mkanda ni hatari kubwa kuliko kuahirisha. Nyuzi za uso hutolewa karibu siku ya 5, za mkono siku ya 7 hadi 10, za mguu na penye maungio siku ya 10 hadi 14. Mpaka hapo hakuna bahari wala mto. Aliyeng'atwa na mbwa asafiri ikiwa tu dozi za chanjo ya kichaa cha mbwa zinapatikana mnakokwenda kwa tarehe zilezile za kwenye kadi. Kuruka dozi hakuna mjadala.

Mkiamua kutokwenda, au kugawana

Si lazima familia nzima ibaki. Mzazi mmoja anaweza kwenda na watoto wengine, mwingine akabaki, mradi anayebaki asionekane ameadhibiwa. Mtoto aliyeumia aambiwe wazi kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya mfupa na si kosa lake, kisha apewe tarehe nyingine halisi, kwa mfano Pasaka. Watoto wa umri huo huwaza kwamba wameiharibia familia Krismasi, na wengi huficha maumivu ili safari isivunjike. Kwa hiyo muulizeni anavyojisikia kabla ya kumtajia basi.

Pasaka tunaitaja kwa makusudi, badala ya mwisho wa Januari. POP ikitolewa tarehe 15, mfupa umeshika lakini haujakomaa, na mivunjiko ya katikati ya mkono huweza kurudia katika miezi inayofuata. Kwa wiki 6 nyingine, na kwa baadhi ya watoto hadi miezi 3 kadiri daktari atakavyosema, hakuna mpira wa miguu, baiskeli wala kupanda miti. Mkono utakuwa mwembamba, wenye magamba na mgumu kukunjwa. Anyooshe na kukunja mwenyewe ndani ya maji ya uvuguvugu mara tatu kwa siku, bila mtu kumvuta.